Ufunguo Kwanza

Nilikuwa na miaka kumi na minne walipotutoa kambini. Baba alikuwa koplo wa polisi. Aliugua kifua miezi mitano, akafa, tukamsafirisha kwao ng'ambo ya Nile kumzika, na tuliporudi Kampala mama akakuta karatasi imebandikwa mlangoni. Vita vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma, na kila aliyezungumza redioni alisema sasa ni wakati wa kujenga. Sisi tuliishi katika unipoti, vile vibanda vya bati vya duara ambavyo askari wamerithishana tangu enzi za Waingereza. Mchana kilikuwa tanuri. Mvua ikinyesha hamkusikilizana ndani. Hata hicho kibanda kilikuwa cha askari aliye hai. Karatasi ilimpa mama wiki mbili.

Alikwenda kwa mkuu wa kambi amevaa gomesi yake ya msibani, lile gauni refu la Kiganda, mimi nikamsindikiza. Mkuu alikuwa mtu mpole. Alimpa kiti.

"Mama, nyumba ni ya kazi," alisema. "Na kazi imekwisha."

"Mwenye kazi ndiye amekufa, afande. Mimi na watoto hatujafa."

Yule bwana akatazama dirishani mpaka tukaondoka. Siku ya kumi na nne walikuja askari wawili, mmoja wao alikuwa amekula Krismasi kwetu, wakatoa vitanda na masufuria na picha ya baba wakavipanga kwenye nyasi. Hawakuvunja kitu. Walivishika vitu vyetu kwa uangalifu kama mayai, na mpaka leo uangalifu ule unaniuma kuliko kama wangevirusha. Majirani walisimama milangoni mwao. Hakuna aliyesema neno, kwa sababu kila mke pale alijua mumewe naye ana kifua.

Mwaka mzima tulilala katika stoo ya kanisa moja, mama akifagia kanisa ili tusifukuzwe. Kila Jumamosi tulitoa godoro nje, kwa sababu ya harusi. Hayo nayasema mapema ili msomaji ajue kwamba hasira yangu si ya juzi.

Nikaja kuwa muuguzi. Kwa miaka mingi nilifanya kazi katika kituo kidogo cha afya huko Kawempe, upande wa bondeni, ambako maji ya mvua ya vilima vyote vya jirani huja kukaa. Huko watu hupanga muzigo, yaani chumba kimoja katika safu ya vyumba, familia nzima ndani, na mvua ikiwa kubwa huamka magodoro yanaelea. Nilifunga vidonda, nikadunga sindano, nikapima watoto. Nilidhani hiyo ndiyo kazi.

Ndipo akaja mzee mmoja na kidonda cha mguu, juu kidogo ya kifundo, kidonda cha siku nyingi. Alinisalimu kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza kama kuna mbwa. Nilimwelewa. Hapa Kampala ukimsemesha mtu Kiswahili, wengi hushika mfuko. Ni lugha ya askari, wanasema, lugha ya watu waliotupora. Kwetu ilikuwa lugha ya mezani. Baba alitoka magharibi ya Nile, mama alitoka upande wa mpaka wa Kenya, wakakutana katikati, katika Kiswahili, na sisi tukazaliwa humo. Nilipomjibu, "Shikamoo, mzee, karibu, keti," macho yake yalijaa maji, akajifanya anatazama tangazo la chanjo ukutani.

Alikuwa fundi wa magari katika jeshi la zamani, lile lililoshindwa. Baada ya vita alijisalimisha, akawekwa kambini, akaachiliwa na karatasi. Alikwenda kwao Acholi, akakuta vita vingine vimefika kabla yake. Akarudi Kampala, akafanya kazi za gereji mpaka macho yakapungua, na kwa mwaka wa nne sasa alikuwa analala kwenye baraza za maduka, siku hizo mbele ya duka la kushona nguo. Alikunywa waragi, ile gongo ya kwetu. Nasema wazi kwa sababu jambo hilo litakuja kutajwa na watu wengine kana kwamba wamegundua siri.

Daktari aliyekuja kituoni Jumanne alimtazama, akaandika kwenye kadi: apumzike kitandani, mguu uinuliwe juu ya mto, asikanyage maji. Nikamsomea.

"Sista," alisema, "kitanda hiyo mnanipa hapa?"

"Hapana, mzee. Ni cha nyumbani."

Akaichukua kadi, akaigeuza, akanirudishia.

"Basi andika na nyumba."

Hakuwa anafanya mzaha. Alidhani labda daktari amesahau. Nilibaki na ile kadi mkononi, nikaona aibu, na baada ya aibu ikaja hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Nilikuwa nimewasomea watu wangapi pumziko, mimi niliyetoa godoro nje kila Jumamosi?

Jioni, jua likiwa bado juu, nilipita kwenye lile duka la kushona. Mwenyewe alikuwa mama wa Kongo, mkimbizi kutoka Kivu, mwembamba, mwenye sindano mbili zimechomekwa kwenye blauzi yake daima. Watu walimwita Mama Fundi. Alikuwa ameushonea mfuko wa unga vipande vya vitambaa vilivyobaki, ukawa kama godoro, akampa mzee.

"Sista, miye najua kushona, dawa siijue," aliniambia. "Lakini kile kidonda hakitapona pale inje. Kila mvua kinalowa. Batu banapita banamuruka. Miye nilikimbia vita, nilipewa hema. Huyu mutu yeye alikimbia nini, hata hema hapana?"

Mimi na yeye ndio tulioanza kuwatafutia vyumba watu wa barazani. Sitaki kulikuza jambo. Yeye alikwenda kwa wanawake wa kanisa lake, mimi nikaenda kwa imamu wa msikiti wa karibu na kwa mwenyekiti wa mtaa. Imamu alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba barazani mwa msikiti wake wanalala watu sita na kila alfajiri huwaamsha ili watu waswali, na kila alfajiri hujiuliza anawaamsha waende wapi. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, Mganda mrefu, mtu wa kanisa na wa saa, aliyevaa koti hata kwenye joto. Alikubali upesi. Alisema ni aibu kwa mtaa wake. Nilimpenda siku hiyo.

Jengo tulilipata kwa mjane mmoja aliyeishi kwenye fleti za Bugolobi, karani mstaafu. Mumewe alimwachia safu ya vyumba kumi kule bondeni, lakini maji yalikuwa yamewafukuza wapangaji wote na bati limeoza. Alitupa tuvitumie maadamu tunavitengeneza. Na tulivitengeneza. Vijana wa bodaboda walibeba kifusi. Wanawake wa kanisa la Mama Fundi walikanyaga udongo sakafuni mpaka ukapanda juu ya kiwango cha maji. Waislamu walileta milango, Wakatoliki wakaleta mabati, wenye karakana wakatoa vitasa na kufuli. Mwenyekiti mwenyewe alivua koti, akavaa gambuti, akachimba mtaro siku tatu pamoja na watu aliowahi kuwachapa darasani. Wake za polisi walikuja na sufuria za maharage. Sijawahi kuona Kawempe hivyo, kabla wala baada. Kila mtu aliyepita aliuliza cha kufanya, na kila mtu alipewa.

Vyumba vikakamilika. Kila kimoja kilikuwa na kitanda, dirisha, mlango na kufuli yake. Tukaketi kwenye ukumbi wa shule ili kukubaliana nani aingie.

Mwenyekiti alitoa karatasi aliyoiandika kwa mwandiko wake mzuri. Atakayepewa chumba awe na barua ya mwenyekiti wa kijiji anakotoka. Awe na ndugu wa kumdhamini. Awe ameacha pombe miezi mitatu. Ahudhurie mafunzo ya mwenendo. Na baada ya miezi sita, aondoke.

"Hatuwezi kumpa mtu nyumba akaiharibu," alisema. "Kwanza abadilike. Akishabadilika, ufunguo huu hapa."

Nilisimama. Nilikusudia kusema kwa adabu.

"Bwana Mwenyekiti, mtu aache pombe akiwa wapi? Barazani? Alale mtaroni miezi mitatu ndipo tumpe kitanda cha kupumzikia?"

"Sista, usipandishe sauti."

"Wewe uliacha tabia zako zote kabla ya baba yako kukupa chumba?"

Watu walicheka, na huo ukawa mwisho wangu, kwa sababu mtu mzima aliyechekwa mbele ya watu hawezi tena kukubali. Wazee wa kanisa walimwunga mkono. Imamu alisema mlango ufunguliwe kwanza, mengine yatafuata, lakini aliyasema kwa upole mno. Mama Fundi aliambiwa kwamba yeye ni mgeni. Tulipiga kura kwa mikono, tukashindwa.

Wiki ya kwanza alikuja mama mmoja wa sokoni mwenye ugonjwa wa akili, akaambiwa arudi na ndugu. Ndugu zake ndio waliomfukuza. Wiki ya pili walikuja kina dada wawili wazee, wakaulizwa barua. Kijiji chao kilikuwa kimebaki jina. Mzee wangu alikuja akiegemea fimbo, akaulizwa kuhusu pombe, akajibu ukweli.

Wiki saba. Vyumba kumi vyenye vitanda vilivyotandikwa, kila kimoja na kufuli yake, na funguo zote kwenye pete moja kiunoni mwa Mwenyekiti. Mvua za Aprili zilikuwa zimeanza. Asubuhi nilikuwa nikipita mbele ya ile safu ya milango ya buluu, halafu nafika kituoni nakuta watu waliolowa wanasubiri dawa ya kifua. Niliwapa dawa. 

Kisha ikasemekana kuna wageni wakubwa wanakuja mjini. Kingo za barabara zikapakwa rangi. Asubuhi moja, saa nne hivi, lori lilipita mtaani kwetu na watu waliovaa ovaroli wakawapakia wote waliokuwa barazani. Sijui hadi leo walitumwa na nani, kwa sababu kila ofisi niliyokwenda iliniambia si wao, na ofisi ya mwisho iliniuliza mimi ni nani wa yule mzee. Nikasema muuguzi wake. Wakasema hiyo si undugu.

Mama Fundi alikuwa amejaribu kuwazuia. Alishika mkono wa mzee, wakauvuta mwingine. Alinionyesha kitufe cha shati lake kilichobaki kiganjani.

"Niliwaambia, huyu ana chumba. Kiko pale, munaona ule mulango? Banasema, basi afungue. Atafungua na nini?"

Siku tisa hatukumwona. Siku ya kumi aliletwa kituoni na dereva wa lori la mihogo. Walikuwa wamewashusha kando ya barabara ya Gulu, mbali, kupita Luweero, mahali pasipo na nyumba, wakawaambia, nendeni kwenu. Alitembea kurudi Kampala kwa sababu hakuwa na kwao pengine. Bandeji niliyomfunga ilikuwa bado mguuni, nyeusi, imeshikana na nyama. Sikuhitaji kuifungua kujua. Harufu ilinifikia kabla yake.

"Sista," alisema, "hii mguu nakataa sasa."

Hospitali walimkata chini ya goti.

Nilikwenda nyumbani kwa Mwenyekiti mchana ule ule, na sare yangu. Alikuwa anakula ndizi za matooke na mkewe. Walinikaribisha, nikakataa kuketi, jambo ambalo mama angenichapia.

"Wamemkata mguu," nilisema.

Aliweka chakula chini. Uso wake ulibadilika kweli, sitamnyima hilo. Lakini alichosema ni hiki: "Kama angeiacha pombe, sista. Tulimwambia."

Kuna hasira inayopiga kelele na kuna hasira inayokunyamazisha. Nilimwambia mkewe asante kwa ukarimu, nikatoka. Nilitembea mpaka dukani kwa Mama Fundi, nikamweleza maneno yale kama yalivyosemwa.  Alifungua mtoto wa meza ya cherehani, akatoa bisibisi, akaitia mfukoni, akafunga duka.

Ilikuwa mchana kweupe, watu wote wanatazama. Hatukuvunja kitu. Kufuli tuliiacha, tukafungua skrubu za komeo moja baada ya nyingine, mimi nikishika mlango usicheze, yeye akizungusha. Vijana wa bodaboda walikuja kusimama nyuma yetu, na kwa muda nilidhani watatuzuia. Mmoja akauliza ni mlango gani mwingine. Tulimwambia huu tu, huu wa tisa, ulio mbali na mtaro. Mzee alipotoka hospitalini tulimwingiza humo, tukampa kufuli mpya na ufunguo wake, na kile kipande cha mguu kilichobaki tukakiweka juu ya mto kama daktari alivyoandika.

Mwenyekiti aliita kikao. Alisema ni wizi. Nadhani angetushtaki, lakini alitaka kwanza ushahidi wa mwenye jengo, akampigia simu yule mjane wa Bugolobi. Alikuja na teksi kesho yake, mwanamke mfupi mwenye mkongojo, akapita kwenye safu yote akichungulia madirishani, kimoja kimoja.

"Vilikamilika lini?" aliuliza.

"Karibu miezi mitatu sasa," Mwenyekiti alisema.

"Na wanaokaa ni wangapi?"

"Mmoja, nyabo. Ameingia bila idhini."

Mjane alisimama kwenye jua. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kusoma fomu za watu.

"Ssebo, mimi sikukupa nyumba upate funguo za kutembea nazo," alisema. "Vifungue, au nirudishe wapangaji wangu wa zamani, vyura."

Hakuna aliyecheka mara hii. Mwenyekiti alitoa pete kiunoni. Ilimchukua muda, kwa sababu ilikuwa imenasa kwenye mkanda.

Basi tukabadilisha utaratibu. Ufunguo kwanza. Mtu akiingia, amelala siku kadhaa, ndipo tunauliza anahitaji nini. Mama Fundi alipita kila asubuhi kubisha kila mlango, kusikia sauti tu. Mimi nilipita na dawa. Mke wa imamu alileta uji kwa wasioweza kupika. Vijana wa bodaboda waligawana zamu za kuwapeleka watu hospitali. Yule mama wa sokoni aliingia na mifuko yake yote ya kaveera, yaani plastiki, miezi kadhaa akapiga kelele, kisha akazoea vidonge, akaanza kupanda sukuma wiki mbele ya mlango. Wale kina dada wawili walikataa kutenganishwa, wakaishi chumba kimoja na kugombana kila siku ya Mungu. Mmoja tu aliharibu chumba, akang'oa mlango akauuza. Tulitengeneza mlango mwingine. Mwenyewe alirudi baada ya wiki, tukamfungulia, na wazee wa kanisa wakatikisa vichwa mpaka nikadhani vitadondoka.

Tukajifunza pia kwamba ni rahisi kumzuia mtu asianguke barazani kuliko kumtoa huko. Wenye nyumba wa bondeni wana njia yao: wakitaka uondoke, hawakwambii, wanakuja kung'oa mlango wako wanaondoka nao. Mlango ulipotolewa kwa mjane fulani, wanawake wetu walikwenda kuketi ndani ya hicho chumba kisicho na mlango, wakimenya ndizi, wakishona, wakinyonyesha, mchana kutwa, mpaka mwenye nyumba akaona haya, akaurudisha. Mara nyingi alirudisha. Mara nyingine hakurudisha, na nilijifunza sura ya mtu asiyeona haya.

Mzee wangu alilala miezi ya kwanza sakafuni, mgongo umeegemea mlango. Kitanda kilibaki kimetandikwa. Nilipomuuliza alisema, "Nani najua hawa watu narudi lini?" Sikumlazimisha. Siku moja Mama Fundi alibisha, mlango ukafunguka mara moja bila kusukuma mwili wa mtu, akamkuta kitandani. Alikuja mbio kituoni kuniambia, na sisi wanawake wawili wazima tulilia nyuma ya chumba cha sindano.

Hakuacha pombe. Aliipunguza, mwezi mwingine akaiongeza. Alikuwa mkali, alimchukia jirani yake wa namba nane bila sababu yoyote, alinilaumu kwa ajili ya mguu siku za baridi. Alikuwa mtu.

Mwaka wa tatu walikuja wageni wa shirika la misaada na magari meupe. Walikuwa wamesikia habari zetu. Mwenyekiti aliwapokea akiwa na koti lake, akawatembeza, na walipofika mlango wa tisa aliwaambia kwa Kiingereza kizuri, "Sisi tangu mwanzo kanuni yetu ilikuwa moja. Ufunguo kwanza."

Niliinua macho nikamtazama. Hakunitazama.

Mwanamke mwenye daftari aliomba kumuuliza mzee maswali. Je, ameacha pombe?

"Sijaacha," mzee alijibu. "Lakini sasa nakunywa ndani."

Na maisha yake yamebadilika vipi?

Akafikiri. "Nalala mpaka asubuhi. Hakuna mtu nanipiga teke, nasema, toka, nafungua duka."

Mwenyekiti alitafsiri kwamba mzee anashukuru sana na tabia yake imekuwa njema. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa heshima ya umri wake, "Mwalimu, mguu wa huyu ulikatwa tukiwa na vyumba kumi vitupu. Waambie na hilo." Akawageukia, akasema sista naye anawashukuru kwa kuja.

Basi nikasema mwenyewe, kwa Kiingereza, polepole. Nilisema kuhusu barua, kuhusu miezi mitatu ya kuacha pombe, kuhusu pete ya funguo, kuhusu lori. Mwanamke mwenye daftari aliandika mistari miwili, kisha akaacha kuandika. Mwenzake alimuuliza dereva kama foleni ya kurudi mjini imeanza. Waliondoka kabla ya chai, na chai ilikuwa imepikwa na watu ambao sukari kwao ni jambo la kufikiria.

Mwenyekiti hakunisalimia karibu mwezi. Mvua kubwa ilipokuja, mtaro ukaziba, nilimkuta alfajiri amesimama ndani ya maji hadi mapajani, na gambuti zake, peke yake, anavuta takataka kwa jembe. Mzee wa miaka sabini na kitu. Sikumsamehe. Nilimletea chai.

Yule mzee wangu aliishi katika chumba cha tisa miaka sita. Alikufa asubuhi, kitandani, moyo tu, mlango umefungwa kwa ndani kama alivyopenda. Ilibidi Mama Fundi atoe tena bisibisi. Tulimzika katika makaburi ya mji, kwa sababu hakukuwa na ardhi ya mtu yeyote iliyomdai, na imamu na pasta wote wawili waliomba kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza ni wa dini gani. Wazee wa kanisa walitoa hotuba ndefu kuhusu upendo wa mtaa wetu. Mimi nilisimama nyuma na wale kina dada wawili, na mkubwa wao akaniambia kwa sauti ya kusikika na wote kwamba watu hawa wanaongea sana kwa mtu waliyemnyima kitanda.

Siku iliyofuata mazishi kulikuwa na wazo la kukipaka rangi chumba cha tisa na kukiacha kiwe ukumbusho, chenye picha. Mtu alikuwa ameshaahidi fremu. Lakini siku hiyo hiyo mwenye nyumba mmoja asiyeona haya alikuwa ameshinda. Wanawake wetu waliketi ndani siku nne, yeye akaezua na bati. Mama aliyetolewa alikuja na watoto wawili na godoro lililokunjwa kichwani. Alikuwa mke wa askari aliyekufa. Nilitoa shuka za mzee, nikatandika nyingine, nikampa ufunguo kabla kikao cha fremu hakijaanza.

Mwenyekiti alikuja na daftari lake. Nilijiandaa kugombana. Alimuuliza yule mama jina lake na majina ya watoto, akayaandika kwa ule mwandiko wake mzuri, akafunga daftari, akaenda kutazama mtaro.

Nje ya geti walikuwa wamesimama watu wengine watatu, mmoja na mtoto mgongoni. Walikuwa wamesikia kwamba kuna mtu amekufa. Hatukuwa na chumba kingine. Ilibidi mtu atoke akawaambie, na wenzangu wote walikuwa wameinama wanashughulika na kitu, kwa hiyo nilitoka mimi.